Capablanca: Bingwa wa sataranji aliyekataa kukariri, akaja kufungwa na aliyemsoma

OKTOBA 23, 1918, New York, Marekani. Mezani wamekaa wanaume wawili na katikati yao kuna ubao wa sataranji wenye miraba 64. Mwenye kete nyeupe ni José Raúl Capablanca, raia wa Cuba aliyebakiza wiki chache kutimiza miaka 30. Mwenye nyeusi ni Frank Marshall, bingwa wa Marekani, straika wa kweli wa mchezo huo. Ukimwachia upenyo kidogo tu, kwisha habari yako.

Mchezo umeanza kwa utaratibu unaofahamika, ule unaoitwa Ruy Lopez, mmoja wa funguzi kongwe kabisa. Halafu, katika hatua ya nane, Marshall anamsukuma askari wake katikati na kumpa mwenzake zawadi: askari wa bure. Kwa watu wa soka, picha ni ile ya timu inayokuachia mpira na nusu nzima ya uwanja kwa makusudi, kumbe mawinga wake wanasubiri kukukimbiza kwa kaunta.

Capablanca anaona wazi kuwa huu ni mtego. Anajua kwamba Marshall ameupika nyumbani, ameupima na anazijua hatua nyingi zijazo. Yeye anaziona kwa mara ya kwanza, tena huku saa inatembea. Anaweza kukwepa. Lakini baadaye alieleza kuwa aliona ni suala la heshima kupokea changamoto ile. Akamla yule askari.

Kilichofuata ni mvua ya mashambulizi kuelekea kwa mfalme mweupe. Capablanca akazuia moja baada ya jingine, akamtafutia mfalme wake njia ya kutokea, na mashambulizi yalipokata pumzi, yeye akawa na askari wanaokimbia upande wa pili wa ubao. Hatua ya 36 mpira ukaisha. Capablanca kashinda.

Ipo hadithi kwamba Marshall aliuficha mtego huo karibu miaka tisa akimsubiri Mcuba huyo. Wanahistoria wengi hawaiamini, lakini mtego wenyewe haukufa. Hadi leo unaitwa Shambulizi la Marshall na mabingwa wakubwa wanautumia.

Mchezo ule unagusa jambo linalowasumbua vijana wengi wanaocheza sataranji kwenye simu na kwenye klabu. Ufunguzi, yaani zile hatua kama 10 hadi 15 za mwanzo, unasomwaje? Unakariri kama sala, au unaelewa halafu unajitegemea? Maisha ya Capablanca yanajibu swali hilo mara mbili. Jibu la kwanza lilimpa ubingwa wa dunia. La pili lilimnyang'anya.

DOGO WA HAVANA

Capablanca alizaliwa Novemba 19, 1888 jijini Havana, wakati Cuba bado ikiwa koloni la Hispania. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Hispania. Kama alivyosimulia mwenyewe, akiwa na miaka minne alikuwa akimtazama baba yake akicheza sataranji na rafiki yake. Siku moja dogo akamshtukia mzee: farasi alikuwa ametembezwa isivyotakiwa. Baba akabisha, dogo akaeleza, kisha wakakaa mezani na mtoto akashinda. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alikuwa ametazama tu.

Alipelekwa kwenye klabu ya sataranji ya Havana, lakini hakuachwa acheze apendavyo. Daktari alishauri mtoto asichoshwe akili, hivyo kwa miaka kadhaa alicheza kwa vipindi tu.

Mwaka 1901, akiwa ndiyo anatimiza miaka 13, alipangiwa mfululizo wa michezo na Juan Corzo, bingwa wa Cuba. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: wa kwanza kushinda mara nne ndiye mbabe, sare hazihesabiwi. Corzo alikuwa amesoma. Alizijua funguzi, na michezo ya mabingwa wa zamani alikuwa nayo kichwani. Capablanca alisimulia baadaye kuwa yeye hakujua ufunguzi wowote.

Michezo miwili ya kwanza, Corzo akashinda yote. Shabiki wa kawaida angeondoka uwanjani mapema. Lakini dogo akaanza kuona kitu: mpinzani wake ana udhaifu, na udhaifu huo unajitokeza pale kete zinapopungua ubaoni na vitabu vinapokwisha. Akaanza kuutafuta uwanja huo. Mwisho wa mambo Capablanca alishinda michezo minne, akapoteza mitatu, sita ikaisha sare. Mtoto asiyejua ufunguzi hata mmoja kampiga bingwa wa nchi.

Tusidanganyane hapa. Huyu alikuwa na kipaji cha ajabu, na haimaanishi kila asiyesoma atashinda. Kwanza, katika mashindano ya taifa ya mwaka uliofuata alimaliza wa nne tu, na bingwa akawa Corzo huyohuyo. Lakini wazo lilikuwa limeshaota kichwani mwake, nalo halikumtoka maisha yote: mchezo hauamuliwi na nani anajua zaidi hatua za mwanzo, unaamuliwa na nani anaelewa kinachokuja baadaye.

BESIBOLI, KEMIA NA MARSHALL

Alipelekwa Marekani kusoma, na mwaka 1906 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhandisi wa kemia. Alikuwa mwanamichezo hasa, na chuoni alicheza besiboli. Lakini jioni zake nyingi ziliishia kwenye Klabu ya Sataranji ya Manhattan. Mwaka 1908 akaachana na masomo.

Mwaka uliofuata akiwa na miaka 20 akapambana na Marshall, yuleyule wa mtego tuliouona mwanzo. Marshall alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa duniani. Matokeo yakawa ya kushangaza: Capablanca alishinda 8, akafungwa 1, sare 14. Na katika kitabu chake cha My Chess Career alijigamba kwamba hadi hapo alikuwa hajawahi kufungua kitabu chochote ili kusoma funguzi.

Mwaka 1911 akaalikwa San Sebastián, Hispania, kwenye mashindano ya wakubwa watupu. Baadhi ya washiriki walilalamika. Ossip Bernstein alisema kijana huyu hana sifa ya kukaa nao meza moja, kwani hajashinda chochote Ulaya. Ratiba ikawakutanisha raundi ya kwanza. Capablanca akamfunga Bernstein kwa mchezo uliopewa zawadi ya mchezo mzuri kuliko yote, halafu akabeba na kombe. Alipoteza mchezo mmoja tu mashindano mazima, mbele ya Akiba Rubinstein.

Miaka miwili baadaye serikali ya Cuba ikampa kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje. Kazi yake kubwa ilikuwa kuiwakilisha nchi kwa kusafiri na kucheza.

SOMO ALILOPEWA NA LASKER

Hapa ndipo wanaotaka kujua namna ya kusoma ufunguzi wakae vizuri. Mwaka 1914 mashindano makubwa yalifanyika St. Petersburg, Urusi. Capablanca alitamba hatua ya awali na kuingia fainali akiwa anaongoza. Nyuma yake alikuwepo Mjerumani Emanuel Lasker, bingwa wa dunia tangu mwaka 1894. Walipokutana, Lasker alihitaji ushindi kwa udi na uvumba.

Mtu anayehitaji ushindi unatarajia afanyeje? Ajaze washambuliaji. Lasker akafanya kinyume. Akachagua njia ya Ruy Lopez ambayo askofu mweupe anajitoa mapema ili amle farasi mweusi, kisha malkia wote wawili wanatoka ubaoni hatua za mwanzo kabisa. Kwa jicho la haraka ni kama kocha anayetafuta bao huku akipaki basi.

Lakini angalia hesabu iliyofichwa mle ndani. Mweusi anapomrudishia yule askofu, askari wake wawili wanajikuta wamepangana mstari mmoja, mmoja mgongoni mwa mwenzake. Upande mmoja wa ubao mweupe anabaki na askari wanne dhidi ya watatu. Upande wa pili mweusi ana wanne dhidi ya watatu, ila kwa sababu wawili wamebanana, hawawezi kutoa askari wa kupenya hadi mwisho. Maana yake, ukiziondoa kete zote kubwa ukabakiza wafalme na askari, mweupe anashinda. Mweusi naye ana dawa: maaskofu wake wawili wako hai, na akicheza kwa kasi na uhai atalipa deni. Asipochangamka, kila kete inayobadilishwa inamsogeza kaburini.

Siku ile Capablanca hakuchangamka. Alicheza kwa kujihami, Lasker akambana taratibu kama chatu, akashinda. Kesho yake Capablanca akapoteza mchezo mwingine. Mwisho wa mashindano Lasker alikuwa na pointi 13.5, Capablanca 13. Wa tatu, mbali kidogo kwa pointi 10, alikuwa kijana Mrusi aitwaye Alexander Alekhine. Lishike jina hilo.

Kwenye mchezo huo Lasker hakushinda kwa sababu alikariri hatua nyingi. Njia yenyewe ilikuwa fupi na inajulikana. Alishinda kwa sababu alijua ufunguzi ule unaelekea wapi na unamtaka kila mmoja afanye nini akifika huko. Anayesoma ufunguzi bila kusoma mwisho wake ni sawa na beki anayejua kuanzisha mpira nyuma lakini hajui apeleke wapi.

ALIANZIA MWISHO

Capablanca aliposhika kalamu kufundisha wengine, aliligeuza somo juu chini. Mwaka 1921 kilitoka kitabu chake cha Chess Fundamentals, na kimesomwa na vizazi vingi tangu hapo. Wanaokifungua wakidhani watapewa funguzi ukurasa wa kwanza wanashangaa. Kinaanza na ubao ulio karibu mtupu: mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, mfalme na askari mmoja, vitu vidogovidogo vya namna hiyo. Funguzi zinafuata baadaye.

Hoja yake ilikuwa hivi. Mwisho wa mchezo unaweza kuusoma peke yake, kwa sababu kete ni chache na majibu yapo. Katikati na mwanzo huwezi kuvielewa bila kujua vinakupeleka kwenye mwisho wa aina gani. Ukishajua kuwa mfalme na askari aliyepangwa hivi anashinda na aliyepangwa vile anatoa sare, basi hata ukiwa hatua ya 12 unajua kete gani ya kubadilishana na ipi ya kung'ang'ania.

Kuhusu ufunguzi wenyewe, mahitaji yake yalikuwa machache. Toa kete zako haraka ziingie kazini. Shika katikati ya ubao, maana aliyeko katikati anafika kila upande upesi, kama ilivyo kwa viungo. Mlinde mfalme mapema. Usikimbilie kushambulia kwa kete mbili huku nyingine sita zimelala benchi. Mchezaji anayeyajua haya akikutana na hatua ambayo haipo kwenye kitabu chake, hatetemeki. Anajiuliza maswali hayohayo na anapata jibu linalofaa. Ndicho alichofanya Capablanca mbele ya Marshall mwaka 1918.

MIAKA MINANE BILA KUFUNGWA

Ubingwa wa dunia ulipatikana mwaka 1921, tena nyumbani kwao Havana. Lasker, ambaye umri ulishamtupa mkono, alifungwa michezo minne, sare zikawa kumi, na hakushinda hata mmoja.

Wakati huo Capablanca alikuwa katikati ya rekodi inayozungumzwa mpaka leo. Alifungwa na Oscar Chajes mwanzoni mwa mwaka 1916. Baada ya hapo akacheza michezo 63 ya mashindano bila kupoteza: kashinda 40, sare 23. Aliyekuja kuikata rekodi hiyo ni Richard Réti, Machi 21, 1924 jijini New York, kwa kutumia ufunguzi wa aina mpya ambao hauwahi kuingiza askari katikati bali unaiwinda katikati hiyo kwa mbali, kutoka pembeni.

Siku chache baadaye Capablanca akakutana na Savielly Tartakower katika mashindano yaleyale, na akacheza mwisho wa ngome ambao walimu wanaufundisha hadi kesho. Aliacha askari wake waliwe, mmoja baada ya mwingine, huku mfalme wake akipanda taratibu hadi katikati ya ngome ya adui. Wengi wangekuwa wanahesabu askari. Yeye alikuwa ameona kuwa mfalme akifika pale, askari wake mmoja aliyebaki anamaliza kazi. Ikawa hivyo. Kupigwa na Réti hakukumtia hofu ya kukimbilia vitabu. Alirudi kwenye silaha yake.

Sifa zikapanda mpaka wakamwita mashine. Na yeye akaanza kuamini kuwa mchezo umemwishia. Katika miaka ya 1920 alipendekeza ubao uongezwe uwe na miraba 80 na kila upande upewe kete mbili mpya, kwa hofu kwamba wakubwa wakikutana watakuwa wanatoka sare tu siku zote. Mtu akifikia hatua ya kuuona mchezo ni mdogo kwake, ujue kuna sehemu ameanza kulegeza mazoezi.

BUENOS AIRES, MWAKA 1927

Mpinzani akajitokeza, Alexander Alekhine, yule wa tatu wa St. Petersburg, ambaye sasa alikuwa akiishi Ufaransa. Kwenye makaratasi hapakuwa na mechi. Walikuwa wamekutana mara 12: Capablanca kashinda tano, sare saba, Alekhine hajashinda hata mara moja. Mapema mwaka huohuo, Capablanca alikuwa amebeba kombe la New York bila kufungwa, Alekhine akiwa wa pili kwa mbali. Wachambuzi wengi walitabiri mechi ya upande mmoja.

Lakini Alekhine alikuwa amefanya kazi ambayo makocha wa soka wa leo wanaifanya kwa video. Alichukua michezo ya Capablanca na kuipekua mmoja baada ya mwingine, hasa ile ya New York. Hakutafuta uzuri wake, maana huo kila mtu aliujua. Alitafuta pale bingwa alipocheza kwa mazoea, pale alipochagua njia ya kwanza inayofaa badala ya kutafuta iliyo bora. Akazikuta sehemu hizo. Hata kwenye mwisho wa mchezo, eneo ambalo wote waliamini halina ufa, aliona bingwa anaweza kuteleza.

Upande wa pili, Capablanca alikuwa na historia ya kutofanya maandalizi makubwa. Angeyafanya ya nini? Kumbukumbu zote zilimwambia atashinda.

Mechi ilianza Septemba Buenos Aires, Argentina. Sharti: wa kwanza kushinda michezo sita. Mchezo wa kwanza kabisa Alekhine akashinda, tena kwa kete nyeusi. Baada ya hapo ikawa vita ya kuchoshana. Kati ya michezo 34, 32 ilichezwa kwa ufunguzi mmoja, Gambiti ya Malkia, ambamo mweusi anakataa kula askari anayetolewa kama chambo. Kila jioni ni ufunguzi uleule, siku hii wewe una nyeupe, kesho mimi. Jina hilo wengi walikuja kulisikia miaka ya karibuni kupitia tamthilia ya kwenye runinga, lakini wanaume hawa wawili waliishi ndani yake zaidi ya miezi miwili.

Ilifika Novemba 29. Mchezo wa 34 ulikuwa umesogea hatua 82, mwisho wa ngome, silaha ya Capablanca mwenyewe, na alikuwa anazama. Siku ya kuendelea hakwenda ukumbini. Alituma barua ya kukubali kushindwa na kumpongeza mwenzake. Alekhine kashinda 6, Capablanca 3, sare 25.

Sasa tafakari. Kama tatizo lingekuwa kukariri, Alekhine angemletea funguzi za ajabuajabu kila siku. Hakufanya hivyo. Wote wawili walikuwa kwenye ufunguzi mmoja, wanaujua sawasawa. Aliyeshinda ni aliyechimba zaidi kujua ufunguzi ule unazaa mchezo wa namna gani, na mtu aliye mbele yake anaucheza vipi akichoka. Capablanca alikuwa sahihi kuwa kuelewa kunashinda kukariri. Alichosahau ni kwamba kuelewa nako kunataka mazoezi, na mwenzako anaweza kukuelewa wewe kuliko unavyojielewa.

ALIRUDI, LAKINI TAJI HALIKURUDI

Alitaka marudiano. Hayakutokea kamwe. Wakati wa ubingwa wake Capablanca ndiye aliyesimamia masharti kwamba mpinzani lazima alete dola 10,000, fedha nyingi sana enzi hizo. Sasa Alekhine akamshikia sharti hilohilo. Mazungumzo yakavunjika, uhasama ukakua, miaka ikaenda.

Hakuwa amekwisha. Mwaka 1936 alishinda mashindano ya Moscow mbele ya Mikhail Botvinnik, kijana wa Urusi ya Kisovieti, na mwaka huohuo wakagawana nafasi ya kwanza Nottingham, Uingereza. Botvinnik alikuwa kizazi kipya. Alisoma funguzi kama mhandisi anavyosoma ramani, lakini kila mara akiunganisha hatua za mwanzo na mpango wa katikati.

Mwaka 1938, kwenye mashindano ya AVRO huko Uholanzi, Botvinnik akamwonyesha mzee faida yake. Ufunguzi aliouchagua ulimruhusu Capablanca akale askari pembeni kabisa mwa ubao. Capablanca akaenda kumla, farasi wake akabaki kule mbali. Wakati huohuo Botvinnik akawasukuma askari wa katikati, na katika hatua ya 30 akamtoa askofu wake kafara, kisha farasi, ili askari mmoja apenye. Ni moja ya ushindi maarufu kuliko wote katika historia ya mchezo huu. Katika wachezaji wanane, Capablanca alimaliza wa saba. Botvinnik alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1948, na baadaye kwenye shule yake wakapita Karpov, Kasparov na Kramnik.

Capablanca alikuwa na furaha moja kubwa iliyobaki. Mwaka 1939 Olimpiadi ya sataranji ilifanyika Buenos Aires, jiji lilelile lililomvua taji. Akiichezea Cuba alipata medali ya dhahabu ya mchezaji bora wa meza ya kwanza, huku Alekhine naye akiwepo kwa upande wa Ufaransa.

VIJANA WACHUKUE NINI

Kwa anayetaka kupanda kiwango, maisha haya yanaweza kugeuzwa kuwa ratiba ya mazoezi.

Kwanza, anza na mwisho. Kabla hujanunua kitabu cha funguzi, hakikisha unajua kumnasa mfalme kwa ngome, na unajua lini mfalme na askari mmoja anashinda na lini ni sare. Ni kazi ya wiki chache, na haipitwi na wakati.

Pili, chagua funguzi chache. Mmoja ukiwa na nyeupe, jibu moja kwa anayeanza na askari wa mfalme, jibu moja kwa anayeanza na askari wa malkia. Basi. Timu haibadilishi mfumo kila Jumamosi ikategemea kuelewana.

Tatu, usisome hatua 12 ukaishia hapo. Chukua michezo kumi kamili ya mabingwa waliotumia ufunguzi wako na uicheze hadi mwisho. Andika kwenye daftari: askari wamekaa vipi, kete gani zilibadilishwa, aliyeshinda alishindia wapi. Baada ya michezo kumi utaanza kuona mambo yanayojirudia, na hatua za mwanzo zitakaa kichwani zenyewe kwa sababu unajua kila moja inafanya kazi gani.

Nne, ukimaliza mchezo wako, rudi utafute hatua ya kwanza uliyotoka nje ya unachokijua. Jiulize kwa nini mpinzani alicheza vile, upate jibu lako kwanza, kisha ndipo uulize kitabu au kompyuta. Kwa njia hiyo ufunguzi wako unakua hatua moja kila unapocheza. Na ukifungwa, usiukimbie ufunguzi siku hiyohiyo. Mara nyingi kosa lilikuwa hatua ya 25, si ya tano.

Tano, mitego ya haraka iache. Inawapata wasiojua, na siku ukikutana na anayejua unabaki umesimama na kete zako ovyo. Marshall alikuwa na mtego bora kuliko wote, na siku ya kwanza kumtegea Capablanca alifungwa nao.

Machi 7, 1942, Capablanca alikwenda kwenye Klabu ya Manhattan kama alivyozoea, akatazama watu wakicheza. Akiwa pale akaanguka. Alikimbizwa Hospitali ya Mount Sinai, ileile aliyofia Lasker mwaka mmoja kabla, na alfajiri ya Machi 8 akafariki dunia akiwa na miaka 53. Mwili ulirudishwa Havana na kuzikwa kwenye makaburi ya Colón. Katika utu uzima wake wote, michezo rasmi aliyopoteza haifiki 50.

Alekhine, aliyemkatalia marudiano, alifariki mwaka 1946 akiwa bingwa wa dunia. Vitabu vya wote wawili bado vinachapishwa, na anayetaka kujifunza ufunguzi vizuri anahitaji kuvisoma vyote: cha Mcuba kwa ajili ya kuelewa, cha Mrusi kwa ajili ya kukumbuka kuwa kuna mtu mahali fulani usiku huu anasoma michezo yako.